Kwa nini tuliona wanyama wachache Asheboro? Jibu kwa mama wa Greensboro

Mama mmoja anayeishi Greensboro, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, ameniandikia swali ambalo ninaliweka hapa kwa ufupi. Familia yake ilitoka Rutshuru, mashariki mwa Kongo, ikaishi miaka kadhaa katika kambi ya Kyaka II nchini Uganda, kisha ikahamia Marekani. Mwezi Julai mwaka jana walikwenda, yeye na mumewe, watoto wanne na bibi yao, kwenye bustani kubwa ya wanyama ya North Carolina iliyoko Asheboro. Walifika saa sita mchana, wakatembea mpaka watoto wadogo wakaishiwa nguvu, na walichokiona ni mgongo wa simba aliyelala mbali, twiga wawili watatu, na viwanja vingi vilivyoonekana vitupu. Sasa shule imetangaza safari ya kwenda hukohuko, na baba watoto anaona ni afadhali waende kwenye bustani ndogo ambako mnyama yuko karibu na macho. Mama anauliza kama wanyama wale wapo kweli, wafanye nini ili wawaone, na amjibu nini bibi, ambaye tangu siku ile anasema kumfungia tembo ni dhambi, ingawa tembo haohao ndio waliomlia mihogo yake kule Rutshuru.

Mama, nianze na lile lenye jibu fupi. Wanyama wapo, na idadi yao inapita 1,500. Mlichokikosa siku ile ni saa nzuri na mwendo unaofaa kwa mahali pa namna ile, wala sioni kwamba ni kosa lenu, kwa sababu mtu akisikia maneno "bustani ya wanyama" hutarajia kupita mbele ya vizimba kama anavyopita sokoni, kila meza imepangwa na kila kitu kimeelekezwa kwa mnunuzi. Asheboro haikujengwa hivyo, na ukishaelewa ilivyojengwa, nusu ya swali lako itakuwa imejibiwa.

Bustani hiyo imekaa juu ya vilima vya kaunti ya Randolph, takribani maili 30 kusini mwa Greensboro. Ardhi yake yote ni kama ekari 2,600, yaani zaidi ya hekta 1,000, na katika hizo, zilizojengwa kwa ajili ya wanyama na wageni ni ekari 500 hivi. Sehemu kubwa iliyobaki ni msitu wa misonobari na mialoni. Ilifunguliwa mwaka 1974, ni mali ya jimbo lenyewe, na kati ya bustani za Marekani ndiyo ya kwanza kubuniwa tangu mwanzo kwa fikra kwamba mnyama apewe kipande cha nchi kinachofanana na kwao, kisha mgeni ndiye aletwe pembeni ya kipande hicho. Kuna eneo la Afrika na eneo la Amerika Kaskazini, na la Asia ambalo limeongezwa katika mipango ya miaka ya karibuni. Njia za kutembea, ukiziunganisha zote, zinafika maili tano hivi, tena za kupanda na kushuka. Kwa mtoto wa miaka mitano, chini ya jua la Julai, hiyo ni kazi ngumu hata kabla hajamwona mnyama mmoja.

Wazo la kuondoa nondo za vizimba ni la zamani kuliko bustani hiyo. Mwaka 1907, Mjerumani Carl Hagenbeck alifungua bustani yake huko Stellingen, karibu na Hamburg, na badala ya vizimba akachimba mitaro mipana na mirefu kwenda chini kiasi ambacho simba hawezi kuiruka, akaificha kwa mawe na majani, hata mtu aliyesimama mbele akaona simba na swala kana kwamba wako katika uwanda mmoja. Asheboro imefuata njia hiyo na kuipanua sana. Kuna kuta zinazoonekana kuwa miamba ilhali nyingi ni saruji iliyochongwa na kutiwa rangi. Kuna mitaro iliyofichwa na nyasi, na kuna nyaya nyembamba ambazo jicho lisilozoea halizioni. Ninakwambia haya ili uwaeleze watoto, kwa sababu nimeona mara nyingi mtoto akiingiwa na hofu ya kweli anapogundua kwamba baina yake na dubu hakuna ukuta, na mtoto mwenye hofu haangalii mnyama, anamwangalia mama yake.

Basi ardhi ya namna hiyo ina gharama yake, na gharama hiyo inalipwa na macho ya mgeni. Mnyama aliyepewa kichaka ataingia kichakani. Aliyepewa kilima atakwenda upande wa pili wa kilima, na ana haki ya kufanya hivyo. Katika miaka yangu ya kufuatilia tabia za wanyama, nimejifunza kwamba kitu kimoja kinachomtuliza mnyama anayeishi chini ya uangalizi wa binadamu kuliko hata ukubwa wa eneo ni uwezo wa kuchagua: aonekane au asionekane, akae juani au kivulini, awe na wenzake au peke yake. Mnyama asiye na mahali pa kujificha huwa macho muda wote, na mwili wake hulipa. Kwa hiyo ninamwomba baba watoto asiuchukulie uwanja unaoonekana mtupu kuwa ni hasara. Hiyo bustani ndogo anayoifikiria inaweza kuwa nzuri au mbaya, siijui, lakini ukaribu wa mnyama na macho si kipimo cha kuichagulia.

Nije sasa kwenye saa. Mlifika saa sita mchana mwezi wa Julai, wakati joto la North Carolina linapita nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu. Simba hata porini hupumzika saa 18 hadi 20 kwa siku, na saa za mchana wa joto ndizo anazolala usingizi mzito kuliko zote, kwa hiyo kuuona mgongo wake tu ilikuwa bahati ya kawaida. Sokwe nao hutafuta kivuli. Bustani hufunguliwa saa tatu asubuhi, na ninataja saa yetu ya Kiswahili, kwa kuwa watoto wako huenda wameshazoea kusoma saa ya Kizungu. Ukiwa langoni wakati huo, utawakuta wanyama wengi wametoka muda mfupi tu katika nyumba zao za usiku, wana njaa, wanazunguka mipaka yao na kunusa kilichopita usiku. Saa mbili za kwanza za asubuhi zina thamani kuliko saa tano za mchana.

Msimu nao una neno. Wakati wa baridi kali wanyama wa asili ya Afrika huingizwa katika nyumba zenye joto, na huenda msiwaone kabisa, ilhali dubu weupe wa ncha ya kaskazini ndio kwanza wanachangamka, wanaogelea na kubiringika. Katika joto kali mambo hugeuka, ingawa hata tembo na simba, ambao watu hudhani hupenda joto, hutafuta kivuli. Mimi ningechagua Aprili au Oktoba, miezi ambayo joto na baridi vimekutana katikati na wanyama wa pande zote mbili wako nje. Kama safari ya shule imepangwa Mei, kama ilivyo desturi ya shule nyingi huko, omba uwe miongoni mwa wazazi wanaosindikiza, na umwombe mwalimu basi liondoke mapema.

Msijaribu kuimaliza bustani yote kwa siku moja. Familia nyingi huingia na ramani mkononi, wakaanza kuhesabu: tumemwona huyu, bado yule, twende. Wanakaa mbele ya kila mnyama kwa dakika moja au mbili, na mnyama aliyekuwa nyuma ya gogo hutokea wameshaondoka. Chagueni wanyama wanne au watano, mkae kwa kila mmoja nusu saa. Chukueni darubini, hata moja ya bei nafuu, kwa sababu katika uwanda mpana ndiyo inayomleta mnyama karibu bila kumsumbua. Mengine ni viatu vilivyozoeleka miguuni, kofia na maji mengi.

Ningewapeleka kwanza kwenye uwanda unaoitwa Watani. Jina hilo litawachekesha watoto wako wanaojua maana ya utani, na ni mwanzo mzuri wa mazungumzo. Hapo pana tembo, na pana uwanda wa karibu ekari 40, sawa na zaidi ya viwanja 20 vya mpira wa miguu, ambamo vifaru weupe hula nyasi pamoja na swala wakubwa wa Afrika. Tembo wa Asheboro ni tembo wa nyika, jamaa wa wale wanaoshuka katika tambarare za Rwindi ndani ya Hifadhi ya Virunga. Tembo wa misitu ya Ituri ni wa aina nyingine, wenye mwili mdogo kidogo na pembe zilizonyooka kuelekea chini. Waambie watoto wasimwangalie tembo mzima kwa mara moja, maana ni mkubwa mno na jicho huchoka. Waangalie masikio kwa dakika kumi, wahesabu yanapepea mara ngapi, halafu wahesabu tena mawingu yakilifunika jua. Ngozi ya sikio la tembo ni nyembamba na imejaa mishipa ya damu, na kila anapolipepea anaipoza damu inayopita humo kisha anairudisha mwilini. Kisha waangalie mkonga unapoinuka na ncha yake kugeukia upande upepo unakotoka. Ukiona tembo kadhaa wametulia ghafla, mguu mmoja umekanyaga mbele, masikio yametandazwa, huenda wanasikiliza sauti nzito ambayo masikio yetu hayaipati, kwani tembo huwasiliana kwa milio ya chini sana inayosafiri kilomita kadhaa, na mitetemo yake huipata hata kwa nyayo.

Kwa vifaru nina maneno zaidi, kwa sababu habari zao zinahusu nchi yako. Kifaru mweupe si mweupe. Rangi yake ni ya vumbi kama ya mwenzake anayeitwa mweusi. Tofauti iko mdomoni. Mweupe ana mdomo mpana uliokatika sawasawa, wa kulia nyasi chini kama mashine ya kufyekea, na mweusi ana mdomo wenye ncha inayoshika matawi ya vichaka. Mtoto mwenye darubini ataliona jambo hilo bila kuambiwa na mtu. Wale wa Asheboro ni wa kusini, ambao mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wamebaki chini ya mia moja nchini Afrika Kusini, na kwa kulindwa wakaongezeka tena hadi kuwa maelfu. Mwaka 2018 walizaliwa hapo bustanini ndama wawili wa kike, mwezi mmoja, kwa mama wawili tofauti. Ndugu zao wa kaskazini hawakubahatika. Makazi yao ya mwisho porini yalikuwa Hifadhi ya Garamba, kaskazini mashariki mwa Kongo, na vita na ujangili vikawamaliza humo katika miaka ya 2000. Mwezi Desemba 2009 vifaru wanne wa aina hiyo walitolewa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, nchini Cheki, wakapelekwa Ol Pejeta nchini Kenya kwa matumaini kwamba nyasi za Afrika zingewafanya wazae. Dume la mwisho, Sudan, alikufa tarehe 19 Machi 2018, wakabaki majike wawili, Najin na Fatu, mama na binti. Ninapomwona ndama wa kifaru akimfuata mama yake katika uwanda wowote, hata wa ng'ambo, ninawakumbuka hao wawili, na ningependa watoto wa Kongo wajue habari yao kwa majina.

Kutoka hapo nendeni kwa sokwe na gorila. Gorila wa Asheboro ni wa nyanda za magharibi, wanaotoka misitu ya pande za Gabon, Kamerun na Kongo-Brazzaville. Wale wa milimani, mnaowaita ngagi, ambao Rutshuru ni jirani yao wa mlango kwa mlango, hawamo katika bustani yoyote ya wanyama duniani. Kwa hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 na mwaka uliofuata walikuwa wamepita kidogo 1,000, wote porini. Bibi anaweza kuwaambia wajukuu kwamba wamezaliwa katika ukoo uliokaa chini ya milima ya mnyama ambaye hakuna tiketi ya Marekani inayoweza kumwonyesha. Mbele ya gorila, watoto wasijipigepige vifua wala kumkazia macho dume, kwa sababu kwake kukaziwa macho ni kuchokozwa. Wakae chini na wageuze nyuso pembeni kidogo. Mara nyingi nimeona gorila aliyekuwa amewapa wageni mgongo akigeuka baada ya kelele kuisha.

Sokwe wanataka subira ya namna nyingine, kwa sababu kwao mambo hutokea ghafla na kwisha ghafla. Angalieni nani anamchambua nani manyoya. Kuchambuana ni siasa yao: anayechambuliwa sana ana cheo au ana marafiki, na wawili waliogombana asubuhi unaweza kuwaona wakipatanishwa na vidole kabla ya mchana. Watoto wako wanaotoka familia kubwa wataelewa mambo haya haraka kuliko mtaalamu.

Katika upande wa Amerika Kaskazini pana dubu weupe, ambao mtawaona vizuri kupitia kioo kizito, pana nyati wa Amerika katika nyasi, na pana jumba la jangwa lenye joto, zuri kwa mchana wa baridi. Nitawapita hao haraka, kwa kuwa mnyama mmoja wa upande huo ananigusa zaidi, na wageni wengi hupita kwake bila kusimama.

Ni mbwa mwitu mwekundu. Hana umbo la kutisha, ni mwembamba, masikio makubwa, manyoya ya rangi ya kutu nyuma ya shingo, na huonekana kwa shida, kwa kuwa ni mwoga wa watu. Zamani alikuwa ameenea kusini mashariki mwa Marekani. Akawindwa, akategewa sumu, misitu yake ikafyekwa, hata mwaka 1980 akatangazwa kwamba ametoweka porini. Wote walio hai leo ni uzao wa 14 tu waliokuwa wamekamatwa kabla ya hapo ili wazalishwe. Mwaka 1987 walirudishwa porini katika hifadhi ya Alligator River, karibu na pwani ya North Carolina, na mpaka sasa jimbo hilo ndilo mahali pekee duniani ambapo mbwa mwitu mwekundu anaishi porini. Hawafiki hata 50. Bustani ya Asheboro ni miongoni mwa vituo vinavyowazalisha, na watoto waliozaliwa katika vituo vya namna hiyo, wakiwa na siku chache tu na macho hayajafunguka, wamewahi kupelekwa na kuwekwa katika pango la jike wa porini mwenye watoto wa umri uleule, naye akawanyonyesha kama wa kwake.

Ninakuomba usimame hapo muda mrefu kuliko mahali pengine pote, Mama. Watoto wako watakuwa watu wa North Carolina. Watapiga kura huko na huenda wakanunua ardhi huko. Tembo ni wa kwao kwa upande wa bibi, na mbwa mwitu huyu ni wa kwao kwa upande wa mahali wanapokulia, na hatima yake iko mikononi mwa majirani zao kuliko mikononi mwa mtu mwingine yeyote. Nendeni kwake saa ya mwisho, jioni, wanyama wa aina hiyo wanapoanza kuinuka. Nyamazeni, mkaangalie kivuli chini ya miti badala ya uwazi.

Sasa swali la bibi, ambalo sitalijibu kwa haraka, kwa sababu ninaliheshimu.

Bibi anajua tembo kwa namna ambayo mimi, pamoja na masomo yangu yote, siijui: amelima, amekesha, na ameamka akakuta shamba limekanyagwa. Kama mtu wa namna hiyo anamwonea tembo huruma, haifai kumwambia kwamba hajui anachosema. Historia ya bustani za wanyama nayo inampa haki ya kuuliza. Huyohuyo Hagenbeck aliyeondoa nondo alipata utajiri wake kwa biashara ya wanyama waliokamatwa Afrika na Asia, na aliwahi kuonyesha watu wa nchi za mbali kwa watazamaji waliolipa kiingilio. Mwaka 1906, kijana wa Kongo aliyeitwa Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya Bronx, New York, watu wakaja kumtazama kwa maelfu, mpaka wachungaji weusi wa mji huo walipopinga kwa nguvu akatolewa. Alijiua mwaka 1916 huko Lynchburg, Virginia, mji ambao kwa gari ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka Greensboro. Shirika linaloiendesha bustani hiyo ya Bronx liliomba radhi mwaka 2020, miaka 114 baada ya kitendo hicho. Bibi hajakosea anapohisi kwamba nyuma ya uzio kuna jambo la kuulizwa.

Ninalomwambia mimi ni hili. Hakuna bustani, hata ya ekari 2,600, inayoweza kumpa tembo nchi yake, kwa kuwa tembo wa porini anaweza kutembea kilomita nyingi kwa siku moja akifuata maji na majani. Anayesema bustani ni sawa na pori anadanganya. Lakini pori lenyewe si lile ambalo bibi aliliacha. Katikati ya karne iliyopita Virunga ilikuwa na tembo kwa maelfu, na vita vikawapunguza mpaka mia chache. Tanzania ilihesabu tembo wapatao 109,000 mwaka 2009, na mwaka 2014 wakawa kama 43,000. Kati ya mambo hayo mawili, ninaipima bustani kwa maswali ambayo jibu lake linaonekana kwa macho na kwa matendo.

La kuonekana ni mwendo wa mnyama. Mnyama aliyeharibika akili kwa kufungwa hurudia jambo lilelile bila mwisho: hatua saba kwenda, hatua saba kurudi, akigeukia mahali palepale, au tembo anayumbisha kichwa kushoto na kulia saa nzima. Mkiona hivyo popote, mwulizeni mtunza wanyama chanzo chake, kwa adabu lakini kwa uwazi. Wakati mwingine mnyama alikuja na tabia hiyo kutoka mahali pengine, na wakati mwingine anasubiri chakula tu, na mtunza mzuri atawaeleza. Angalieni pia kama wazee na wagonjwa wanatunzwa. Tembo dume wa Asheboro aliyeitwa C'sar alipofushwa na mtoto wa jicho, akakonda na kunyong'onyea. Alifanyiwa upasuaji wa macho mwaka 2011 na 2012, na baadaye akatengenezewa lenzi kubwa ya kuvaa jichoni. Hayo hayakufanywa kwa sababu ya watazamaji, kwani tembo kipofu naye huonekana vizuri tu.

La matendo ni kile ambacho bustani inafanya nje ya uzio wake. Asheboro kwa miaka kadhaa imeshirikiana na wenzao wa Tanzania kuwafuatilia tumbusi wa Ruaha, Katavi na Nyerere kwa vifaa vidogo vya setilaiti wanavyovalishwa mgongoni. Ndege hao hufa kwa wingi pale mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba anapotia sumu katika mzoga, na kifaa kinapoacha kusogea, walinzi hujua pa kwenda. Tangu mwaka 2002 bustani hiyo pia ina mradi wa kuwafunza walimu wa shule za msingi zinazoizunguka Hifadhi ya Kibale, magharibi mwa Uganda, msitu wenye sokwe wengi, ambao hauko mbali na Kyaka II mlikoishi. Huenda mtoto mliyecheza naye jirani alifundishwa na mmoja wa walimu hao. Mimi, nikiyaweka hayo pamoja, ninaona kwamba tembo wa Asheboro wamebeba mzigo ambao hawakuuchagua, na kwamba watu wanaowatunza wanajua hivyo na wanajitahidi. Bibi akiyasikia yote na bado akasema hapana, mwache na neno lake, na watoto walisikie kama walivyolisikia langu.

Kuhusu kumpeleka tena, usimwache nyumbani kwa sababu ya miguu. Bustani ina milango miwili, mmoja wa upande wa Afrika na mmoja wa Amerika Kaskazini, na magari ya kuwasogeza wageni kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kabla ya kuondoka, hakikisha kwa simu ni lango lipi liko wazi na magari yanatembea siku hiyo, kwa kuwa hubadilika kwa msimu. Fikeni saa tatu, mmpeleke moja kwa moja kwenye sehemu ya kutazamia tembo, mmpe kiti, kofia, maji na darubini. Baba aende na wakubwa wawili kwa sokwe. Wewe baki na wadogo hapo kwa bibi, na muulize ile habari ya mihogo tangu mwanzo: walikuja wangapi, saa ngapi, na aliwasikiaje kabla hajawaona.